Jairus Wawili na Tangazo la Saa Saba

Ukifungulia Redio Isiongo saa saba mchana, habari zikishakwisha, utamsikia Maurine Andati akisoma matangazo ya vifo. Sikiliza vizuri. Humtaja mama kwanza, marehemu baadaye. Wageni wanaohamia hapa Kakamega huniuliza kama hiyo ni mila ya Waluhya. Huwajibu kwamba si mila, ni kovu. Mimi ni Onesmus, fundi wa mitambo wa kituo hicho, na kwa kuwa Maurine mwenyewe hawezi kulisimulia jambo hili hadi mwisho, acha nilisimulie mimi. Mkinikuta nimepandwa na hasira mahali fulani mnistahimili, kwa sababu haijanitoka.

Isiongo ni mtungi wa maji. Mzee Phanuel, mwalimu mstaafu, aliipa redio yake jina hilo kwa kuwa alitaka kila mtu achote. Tulianzia kwenye chumba kimoja juu ya duka la nafaka karibu na soko. Kutani tulibandika trei za mayai ili sauti zisirudi, na mvua ilipoanza kupiga mabati tulicheza nyimbo tu, maana hakuna ambaye angemsikia mtangazaji. Mawimbi yetu yalifika Lurambi bila shida, yakajikokota hadi Navakholo, na huko yakachoka. Lakini watu walitupenda. Hawakutupendea nyimbo wala michezo, walitupendea vifo.

Msicheke. Huku kwetu maiti hazizikwi kimya kimya. Ndugu wako Lugari, wengine Mumias, wengine wanakata miwa Matungu, na wote lazima waitwe. Redio ndiyo iliyowaita. Na hapo ndipo Mzee Phanuel alipoweka sheria yake. Kwetu jina la mtu halifi naye. Babu akifa, kila mwanawe humpa mtoto wa kiume jina hilo, la ubatizo na la ukoo pamoja, hata unakuta boma moja lina watu wawili au watatu wanaoitika kwa pamoja. Kwa hiyo Mzee hakukubali tangazo lolote lisomwe bila jina la mama wa marehemu. Ungekuja na machozi, ungekuja na chifu, angekuuliza tu, "Mama yake nani?" Alikuwa akisema jina la babu tunagawana, lakini mama kila mtu ana wake.

Maurine alikuja pale juu ya duka la nafaka akiwa ametoka tu kumaliza kidato cha nne, akitaka tutangaze kifo cha baba yake. Siku hiyo mtangazaji wetu alikuwa na mafua, sauti yake imekwama kooni. Mzee akamwambia msichana akae kwenye maikrofoni asome mwenyewe. Akasoma. Alimtaja baba yake, akamtaja nyanya yake aliyemzaa baba huyo, akawataja ndugu wote, na sauti haikutetemeka hata kidogo. Alipotoka nje ndipo akakaa kwenye ngazi na kulia hadi jioni. Mazishi yalipokwisha Mzee alituma mtu Navakholo kumwita, akaanza kazi.

Huo ndio uliokuwa mwanzo wake. Miaka ikapita, akapanga nyumba Amalemba, akazeeka kidogo kama sisi sote, na sauti yake ikawa mali ya watu. Akina mama wa vijijini walisema kwamba ukisomwa na Maurine umesindikizwa. Walimjua kwa kitu kimoja: anasoma misiba ya watu wote na sauti haitikisiki. Nataka mlikumbuke hilo, kwa sababu ndilo lililotuponza.

Mzee Phanuel alifariki, watoto wake wakaiuza redio. Sasa tuko kwenye jengo la vioo, tuna viyoyozi, na mawimbi yetu yanafika hadi Bungoma. Tulipewa pia meneja, Clifford, kijana mwenye kompyuta inayomwonyesha dakika ambayo wasikilizaji wanahama. Kompyuta ilimwambia kwamba watu huhama ukoo ukianza kutajwa. Akaamuru matangazo yafupishwe: jina, kwao, basi. Tena akaamuru yasomwe moto moto, kama yanavyoingia kwenye skrini, bila msomaji kuyapitia kwanza. Nilimwambia haraka haraka haina baraka. Akaniambia nishughulike na nyaya. Maurine alimfuata ofisini kwa adabu zake zote, akamweleza habari ya majina ya hapa, akarudi mikono mitupu.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Maurine alikula mahindi ya kuchoma mlangoni, akafuta mikono, akaingia studio. Mimi nilikuwa upande wangu wa kioo. Alisoma tangazo la mzee mmoja wa Butere, akasoma la mama wa Shinyalu, kisha skrini ikaleta jingine.

"Jamaa wa Jairus Andati wa Navakholo wanaarifiwa kwamba," alisema, akanyamaza.

Redio ikinyamaza, fundi husikia moyo wake mwenyewe. Niliinua macho. Clifford alikuwa amesimama nyuma yangu akizungusha kidole hewani, kumwambia aendelee. Maurine akaendelea. Alisema kwamba Jairus, aliyekuwa akikata miwa Matungu, amefariki katika ajali ya trela, na kwamba Simiyu, nyapara wa wakata miwa, anaomba familia ifike. Aliyasema maneno yote, lakini sauti ilipasuka katikati, ikapanda, ikakatika, na kila mwenye redio kutoka Mumias hadi Lugari aliisikia.

Niliweka kwaya. Akatoka nje ameshika ukuta.

"Onesmus," akasema, "ni Jairus gani?"

Nilijua anachouliza. Pale kwao Navakholo kuna nyumba mbili katika boma moja. Nyumba ya chini, karibu na kijito, ni ya Robai, mama yake Maurine. Nyumba ya juu, karibu na barabara, ni ya Jescah, mke wa kaka mkubwa wa baba yake. Wote wawili ni wajane. Babu wa boma hilo aliitwa Jairus Andati, na alipokufa kila nyumba ilimpa mwana wake jina hilo. Jairus wa chini ni ndugu wa Maurine, kitinda mimba wa Robai. Jairus wa juu ni mwana wa Jescah, wa pekee. Walikua pamoja, wakalala kitanda kimoja, wakaenda Matungu kukata miwa pamoja, katika kikosi kimoja.

Alimpigia ndugu yake. Mteja hapatikani. Akapiga tena, akapiga tena. Akampigia Jairus wa juu, naye hapatikani. Skrini ilikuwa na nambari ya Simiyu, nayo ililia tu bila kujibiwa.

Clifford alikuja akasema anasikitika sana, lakini kuna matangazo yaliyobaki, na kama Maurine angejikaza dakika chache tu. Nilimwambia akasome yeye. Nilimwambia na mengine ambayo hayafai kuandikwa, na alirudi ofisini kwake akafunga mlango.

Ndipo Maurine alipompigia mama yake. Mimi nilikuwa karibu naye, simu yake ina sauti kubwa, nilisikia kila neno. Haikujibiwa na Robai.

"Maurine mtoto wangu," ilisema sauti ya Jescah. "Mama yako hawezi shika simu saa hii. Niko na yeye, simwachi. Tumesikia sisi wote. Sauti yako ilipokatika tukajua ni huyu wetu wa chini. Wewe kuja polepole, usikuje mbio barabara ikuue na wewe. Jairus wangu najaribu kumpigia haingii. Najua ndiye ako na mwili wa ndugu yake."

Nyuma ya Jescah tulisikia kilio cha Robai, na cha wanawake wengine waliokwisha kufika.

Elewa mambo yalivyokuwa. Jina lilikuwa la wawili, lakini boma lote lilikuwa limeshachagua mmoja, kwa sababu ya sauti ya Maurine. Mwanamke ambaye hakutetemeka kwa kifo cha baba yake ametetemeka leo, basi ni nani mwingine ila ndugu yake wa tumbo moja? Hapakuwa na jina la mama kwenye tangazo. Koo la Maurine ndilo lililolijaza pengo hilo, na hakujua kama limejaza kweli au uongo.

Nilitoa pikipiki yangu tukaondoka. Aliniambia baadaye alichokuwa akikiomba njia nzima nyuma ya mgongo wangu, na simlaumu, ningeomba hivyo hivyo. Aliomba awe yule mwingine. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huyo mwenzio alikuwa Jescah, aliyemnyonyesha Maurine wakati Robai alipolazwa hospitalini, na ambaye dakika hiyo alikuwa amempakata Robai akimfuta machozi. Maurine alikuwa anaomba mwanamke huyo afiwe. Aliomba, akajuta, akaomba tena.

Lami ilikwisha tukaingia kwenye murram. Malori ya miwa yalitupita na kutumiminia vumbi. Tulipofika kwenye mizani ya miwa, kabla ya kukata kona ya kwenda kwao, simu yake ililia. Nilisimama. Aliitazama akanionyesha: ilikuwa nambari ya ndugu yake.

Mtu angesema ashukuru. Lakini sisi tumefanya kazi ya vifo, tunajua simu ya marehemu nani huipiga. Huipiga polisi, au mtu wa mochari aliyekuta nambari yako ya mwisho. Maurine aliiacha ilie. Ilikatika. Ikalia tena. Nikamwambia ashike, kwa sababu kutojua hakumfufui mtu.

Akashika.

"Maurine," ilisema sauti ya kijana, imechoka. "Mbona mmenililia na niko?"

Akakaa chini kwenye vumbi, palepale kando ya mizani. Alicheka. Nilimsikia kwa masikio yangu akicheka, kicheko kifupi, halafu akajipiga kofi mdomoni.

Ndugu yake alieleza mwenyewe. Trela lilipinduka jana jioni, Jairus wa juu alikuwa amekaa juu ya miwa. Yeye na dereva ndio waliombeba, yeye ndiye aliyekaa na mwili mpaka mochari ikaupokea, na simu yake ilikuwa imezima; alipoiwasha tena ndipo aliposikia kwamba nyumbani analiliwa yeye. Alikuwa ameshapanga kuja nyumbani mwenyewe amwambie mama mkubwa kwa mdomo, kwa sababu mambo kama hayo hayasemwi kwa simu. Lakini Simiyu, kwa roho nzuri, alikuwa ameshatuma tangazo redioni. Na Simiyu hakujua kama kuna Jairus wawili. Ili wasichanganywe kazini, mmoja alikuwa ameacha kutumia jina lake kule kambini, naye ndiye ndugu yake Maurine; wakamwita Mwalimu, kwa kuwa anapenda kusahihisha watu.

"Njoo uwaambie," Maurine alimwambia. "Njoo sasa hivi."

"Siwezi ingia boma," akasema. "Nimeshaliliwa."

Maurine alikuwa ameisahau mila hiyo, au alikuwa hataki kuikumbuka. Kwao, mtu akililiwa hali yu hai, hakanyagi uani mpaka mzee wa ukoo aje na jogoo, amfanyie yanayofanywa, na jambo hilo hungoja jua litue. Akiingia kabla, kilio kile humfuata. Ndugu yake angeweza kufika, lakini angesimama nje ya ua kama mgeni. Hakuna mama anayeambiwa msiba wake kwa kupigiwa kelele kutoka nje ya ua.

Nilimwambia Maurine tumtafute mchungaji. Nilimwambia pia kwamba ningeweza kumpigia Clifford, tangazo lisahihishwe hewani mara moja, na Robai apumue. Akanitazama kama mtu asiyenijua.

"Redio iko pale uani, Onesmus," akasema. "Unataka Jescah aambiwe na redio mara ya pili?"

Akasimama, akajipangusa sketi. Alisema yeye ndiye aliyetangaza, basi yeye ndiye atakayetangaza tena.

Tuliiacha pikipiki barabarani tukatembea. Ilitubidi tupite mbele ya nyumba ya juu. Mlango ulikuwa wazi na ndani hamna mtu, jiko limezimwa, kuku wanatembea sebuleni. Kila kitu cha nyumba hiyo kilikuwa kimeteremshwa chini: viti, mikeka, kuni, hata sufuria kubwa ya Jescah ya kupikia wageni, ambayo ilikuwa motoni kwa Robai ikichemsha chai. Jirani walikuwa wameshaleta benchi za kanisa. Mwanamume mmoja alikuwa amesimama karibu na migomba ya Robai na jembe begani, akimwuliza mwenzake kaburi litakaa upande gani.

Robai alikuwa kwenye mkeka, kichwa chake mapajani mwa Jescah. Hakuwa analia tena kwa sauti. Jescah alikuwa akimsemesha polepole na kumpapasa bega, na kila mara akiinua macho kutazama njia, bila shaka akimngoja mwanawe atokee na habari za mwili.

Wanawake walipomwona Maurine walianzisha kilio kipya cha kumpokea. Akainua mkono. Kilipungua, kikakatika. Nilisimama karibu na lango.

Maurine hakwenda kwa mama yake. Alikwenda akapiga magoti mbele ya Jescah.

"Mama mkubwa," akasema. "Jairus wa hapa chini amenipigia simu."

Robai aliinuka kutoka mapajani pale, uso wake umevimba, akamtazama binti yake. Niliuona mdomo wake ukianza kufunguka kwa furaha, na niliuona mkono wake mwenyewe ukipanda na kuuziba, kwa sababu alikuwa amegeuka na kukutana na uso wa Jescah. Alikuwa amerudishiwa mwana na hakuwa na mahali pa kuiweka furaha yake.

Jescah alibaki ameketi. Mkono wake ulikuwa bado kwenye bega la Robai. Alimtazama Maurine muda mrefu, na mimi nilifikiri hajaelewa, nikawa namwomba Mungu asielewe kidogo tu. Kumbe alikuwa ameelewa tangu Maurine alipopiga magoti mbele yake.

"Sema vile Mzee Phanuel alikuwa anataka isemwe," akasema. "Mtaje mama yake."

Maurine akasimama, kwa kuwa matangazo hayasomwi kwa magoti. Aliweka mikono kando. Hakuwa na karatasi wala skrini.

"Tunasikitika kutangaza kifo cha mwana wa Jescah," akasema. "Jairus Andati wa Navakholo, mwana wa pekee wa Jescah na wa marehemu Titus Andati, wa nyumba ya juu. Mjukuu wa marehemu Jairus Andati. Ndugu yake Jairus Andati wa nyumba ya chini, na ndugu yake Maurine. Alifariki Matungu akiwa kazini. Hakuwa peke yake. Ndugu yake alimbeba."

Sauti haikutetemeka hata kidogo.

"Nimemlilia tangu saa saba," Jescah akasema, kwa utulivu, kama mtu anayewaza. "Nimemlilia vizuri, na sikujua ni wangu."

Halafu akapiga ukemi, na huo sitauelezea.

Robai alimkamata kabla hajaanguka. Wakabadilishana mahali palepale mkekani: aliyekuwa amepakatwa akapakata. Watu walisimama wasijue la kufanya, mpaka yule mwanamume mwenye jembe alipoliteremsha begani, akainua benchi moja ya kanisa kichwani na kuanza kupanda nayo kuelekea nyumba ya juu. Mwingine akachukua viti. Mwingine akakunja mikeka. Wakapanda mmoja nyuma ya mwingine kimya, na Maurine akabeba kuni. Jioni, jua likielekea kutua, Jairus wa chini alifika akasimama nje ya ua kumngoja mzee na jogoo, na kutoka pale aliona nyumba yao haina mtu.

Lakini mchana ule, akina mama walipokwisha kumpandisha Jescah kwake, Robai ndiye aliyebaki nyuma ya wote. Aliipua ile sufuria kubwa ya chai motoni kwa pindo la leso, akaishika kwa mikono miwili, akairudisha kwa mwenyewe.